Kwenda kuchimba Vindolanda: nenda, ila usivute kitu

Mdogo wangu, umeuliza kama uende Vindolanda kule kaskazini mwa Uingereza kujifunza kuchimba mambo ya kale, maana hujawahi kushika hata mwiko wa kuchimbia na unaogopa kuaibika. Nenda tu. Mi nilienda sijui kitu na wenzangu wengi walikua hivyo hivyo.

Ila jua ile ni ngome ya Warumi karibu na ukuta wa Hadrian, ule ukuta mrefu wa mpaka waliojenga Warumi, na udongo wa chini umejaa maji hauna hewa, ndo maana mbao na ngozi hazikuoza, yani viatu vya karibu miaka 2,000 vinatoka bado ni viatu, na zile barua za wino kwenye vibao vyembamba vya mti zilianza kupatikana 1973. Sasa hapo ndo nilikosea, siku ya tatu nikaona ngozi imechomoza nikaivuta, kumbe kitu kikitoka hakijapimwa wala kupigwa picha hujui tena kilikua tabaka gani la udongo, yani ni cha zama zipi, nililia kweli. Usivute. Ita msimamizi, fukua pembeni taratibu, na kikitoka kisiachwe kikauke, kitapasuka.

Beba koti la mvua hata kama ni Julai, buti zisizopitisha maji, na kitu cha kupigia magoti. Kabla hujalipa uliza chuo chako kama watakuhesabia hizo wiki kama fildi, viza anza mapema sana. Na jioni andika daftari lako hata ukiwa hoi, ndo utalitegemea kwenye ripoti.