Barua kwa mwanangu: anzeni na mizinga miwili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia mnataka kufuga nyuki hapo shambani. Umeniuliza muanze na mizinga mingapi, na asali mtairina lini.

Anzeni na miwili. Mmoja peke yake hautakwambia kitu, maana huna wa kuulinganisha nao. Ukiona nyuki wa mzinga huu wanaingia na chavua miguuni na wa ule hawaingii nayo, utajua maua yapo, shida iko ndani, pengine malkia amekufa. Hapo unachukua sega lenye mayai mabichi kutoka mzinga wenye nguvu, unawapa wale yatima wajilelee malkia mwingine. Tangu yai hadi malkia kutoka ni siku 16 tu. Mizinga kumi kwa mkupuo itawashinda, na nyumba yenu ina watoto.

Iwekeni mbali na njia na mifugo. Ng'ombe aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia nyuki wakichachamaa. Miguu ya kichanja ipakeni grisi, siafu wasipande. Maji yawe karibu, na mawe ndani ya beseni ili wasizame. Dawa ya wadudu msipulize kwenye maua yaliyochanua. Ongea na majirani pia, kwani nyuki huenda hata kilomita 3 kutafuta chakula.

Sasa asali. Msimu wa kwanza huenda msipate kitu, na msiilazimishe. Ukifungua mzinga, inua fremu moja, ile mbao inayoshikilia sega, na uitazame juani. Vyumba vikiwa vimezibwa kwa nta karibu vyote, imeiva. Vikiwa wazi, itikise kidogo. Matone yakidondoka, irudishe palepale. Hiyo bado ni maji ya maua, nyuki hawajamaliza kuipepea kwa mabawa. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha hata ukiifunga vipi. Sega lenye majana, yaani watoto wa nyuki, usiliguse kabisa, na akiba yao waachie, hasa maua yanapoadimika.

Mtu akiumwa, mwiba ukwanguliwe papo hapo kwa ukucha, kwa sababu kifuko chake huendelea kusukuma sumu, na harufu yake huwaita wengine. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hospitali mara moja, msingoje kesho.

Na hili nalisisitiza, mwanangu: mjukuu wangu mdogo asionjeshwe asali mpaka atimize miezi 12, hata ya ncha ya kidole. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauviwezi. Humo huzaliana na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka kupumua kukawa taabu. Bibi yeyote akikwambia ni dawa ya kikohozi cha kichanga, mkatalie kwa adabu.

Nitumie vipimo vya mkeo nimshonee vazi la kinga na kofia yenye wavu. Najua hatakubali kubaki ndani wakati wewe unafungua mzinga.

Mama yako