Kiduha: yale ningependa niambiwe siku naripoti kituo cha kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ugani msimu huu, hasa mliopangiwa kanda ya ziwa, tafuteni ndoo. Ndoo ya kawaida ya lita 20, ikae nyuma ya pikipiki. Ni ya kukitafutia kiduha, gugu linaloishi kwa kunyonya mizizi ya mahindi. Ntawaambia kwanini.

Siku moja mkulima atakuja kukwambia mahindi yake yana kiu na mvua imenyesha juzi tu. Utaenda, utakuta mahindi yana wiki nne au tano, yamedumaa, yana unjano fulani hivi, mchana majani yanajikunja kama ya kiangazi, ukishika udongo una unyevu wa kutosha, na juu ya ardhi huoni gugu lolote la kutisha. Hapo usiseme kitu kwanza. Chagua shina moja lililodhoofika, lichimbe na bonge lake la udongo, usilivute kwa mkono maana ukivuta ushahidi unabaki chini, alafu lizamishe kwenye ndoo yenye maji, liache udongo ulowe udondoke wenyewe. Angalia mizizi taratibu. Ukiona vichipukizi vidogo vyeupe vimeng'ang'ania kwenye mzizi wa muhindi, hicho ndio kiduha. Kipo hapo muda mrefu na kinanyonya, na huyo mkulima ameshaanza kupoteza mavuno kabla hajaona hata ua moja.

Mimi hili lilinichukua misimu mitatu kulielewa. Chuoni tulifundishwa kiduha kwa picha ya maua, yale mazuri ya zambarau, kwahiyo nilikuwa naenda shambani kutafuta maua. Nilikuwa Rorya, kule Wajaluo wanakiita kayongo, na nilikuwa nakuta maua nasema sawa, tung'oe, tunang'oa, naandika ripoti kwamba shamba limesafishwa. Mwaka unaofuata kinatoka kingi kuliko mwanzo. Niliona aibu sana mbele ya wale wazee, maana wao walikuwa wanaona kabisa kwamba ninachowaambia hakifanyi kazi ila kwa heshima yao wakawa wananyamaza.

Sasa elewa hiki kitu kinavoishi, maana ukishaelewa hapa hata usipokumbuka mengine utayapata mwenyewe. Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, haifiki hata nusu milimita, na haina akiba ya chakula ndani yake kama punje ya hindi ilivyo na akiba. Ikiota mbali na mzizi wa kunyonya inakufa ndani ya siku chache. Kwahiyo haioti ovyo. Inakaa kwenye udongo inasubiri, inaweza kusubiri zaidi ya miaka 10, mpaka ipate unyevu na joto kwa wiki moja mbili hivi, na zaidi ya hapo mpaka isikie harufu ya mzizi. Naita harufu ili tuelewane, ni kemikali zinaitwa strigolaktoni ambazo mizizi ya mahindi, mtama, ulezi na miwa inazitoa. Na muhindi hauzitoi kwa ujinga. Ule mmea ukikosa fosforasi au naitrojeni unatoa hizo kemikali kuita fangasi wazuri wa udongoni waje wausaidie kutafuta chakula, yaani unaomba msaada, na kiduha kimejifunza kusikiliza huo mwito. Ndio maana shamba lililochoka ndio linaliwa zaidi: muhindi wenye njaa unaita kwa sauti kubwa zaidi, na wanaokuja sio fangasi peke yao.

Nikishafika hapa kwenye mafunzo ya wakulima huwa naona watu wananyanyua vichwa. Wengi waliambiwa shamba limerogwa, na kusema kweli ukiwa unapanda kila mwaka, unapalilia vizuri, alafu mahindi yanasinyaa na jirani hapo ng'ambo ya mtaro yake yako sawa, utafikiria nini? Usimcheke mtu anayefikiria hivo. Mchimbie shina, mwoshee mizizi, mwonyeshe. Yule mama wa kwanza kumwonyesha alikaa chini kabisa pale kwenye tuta akasema "kumbe mwanangu, miaka yote hii" na hakuongeza neno.

Ndio maana vita yenyewe ni ya mbegu iliyoko ardhini, kale kajani unakokaona juu ni dalili tu. Kiduha kimoja kikikomaa kinaweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi. Kwahiyo mkulima aking'oa mashina mia akaacha kumi kwa kuchoka, hayo kumi yanaweza kurudisha nusu milioni ardhini. Hesabu hiyo mfanyieni mkulima kwa sauti, inaingia kuliko maneno mengi.

Kung'oa kuna masharti, na hapa ndipo nilipokosea vibaya. Ng'oa kabla ya maua, au yakianza tu, usisubiri. Kinatoka juu ya ardhi kuanzia wiki ya tano hivi baada ya kupanda, na kutoka hapo una kama mwezi mmoja kabla ya maua, kwahiyo pita kila baada ya wiki mbili. Palizi ya kwanza na ya pili hazitoshi kwasababu kingi kinatoka baada ya palizi ya pili, wakati ambao watu wameshaweka jembe ndani. Kosa langu lilikuwa hili, niliwaambia watu wang'oe kikiwa na maua tayari na vitumba vya mbegu vimeshajaa alafu warundike pembeni ya shamba. Vile vitumba viliendelea kukauka vikapasuka pale pale, mvua ikasomba, na sehemu iliyokuwa chini ya lile rundo msimu uliofuata ilikuwa zambarau tupu. Mwingine alilisha ng'ombe. Ng'ombe wakala, samadi ikarudi shambani, na mbegu nyingine zinapita tumboni zikiwa hai. Kama kimeshafika kwenye vitumba, kusanya kwenye mfuko wa salfeti, kausha juu ya kitu, choma. Na samadi ivundikwe mpaka ipate moto kweli ndani yake kabla ya kumwagwa, sio ile ya kuchota zizini leo na kutandaza kesho.

Alafu kuna kile ambacho karibu kila mtu anasahau, baada ya kuvuna. Mkulima ameshabeba mahindi yake nyumbani, mabua yamebaki yana ukijani kidogo mizizini, na kiduha kinaendelea kunyonya na kutoa maua hapo hapo bila mtu. Ukipita mashamba baada ya mavuno utashangaa. Mwambie akimaliza kuvuna arudi mara moja tu, ang'oe vilivyobaki, na mabua ayang'oe pia.

Dawa ya kupulizia nayo wataulizia sana. 2,4-D inaua kiduha kilichotoka juu, hiyo ni kweli, inazuia kisitoe mbegu. Lakini mahindi ya msimu huo yameshaumia, na kama mkulima amechanganya maharage au kunde ndani ya mahindi, dawa itaondoka navyo. Wakulima wetu wengi wanachanganya. Kwahiyo mimi siianzi hiyo.

Ninachoanza nacho ni udongo na zao la kuvuruga. Mbolea ya kupandia na ya kukuzia, hata kidogo kwenye shina, pamoja na samadi iliyoiva, inapunguza ule mwito wa mizizi na inaupa muhindi nguvu ya kuvumilia. Alafu mazao ya kuvuruga ni yale ambayo mizizi yake inaiamsha mbegu ya kiduha lakini haiwezi kunyonywa, mbegu inaota inakuta hakuna mlango, inakufa. Pamba ni mojawapo, na strigolaktoni ya kwanza kabisa iligunduliwa mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha chenyewe hakiunyonyi. Soya, karanga na ufuta navyo vinatumika hivo. Marekani walipokikuta kiduha cha maua mekundu kwenye mahindi ya Carolina mwaka 1956 walitumia wazo hilo hilo kwa njia ya gharama, walipiga gesi ya ethilini ardhini ili mbegu ziote bila mmea wa kunyonya zife zenyewe, na kazi ile ikawachukua miongo. Sisi hatuna gesi, tuna soya. Ila msimdanganye mtu kwamba msimu mmoja wa soya utamaliza, maana mbegu zilizolala ni nyingi na sio zote zinaamka pamoja. Na kupumzisha shamba likaota majani ya porini haisaidii kama watu wanavodhani, baadhi ya nyasi zenyewe zinanyonywa pia, kwahiyo unaweza kupumzisha shamba huku unalisha adui.

Sukuma-Vuta ndio iliyonibadilisha mimi, kwahiyo nivumilieni hapa. Ilianzia upande wa pili wa mpaka, Mbita huko Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe wakishirikiana na watafiti wa kilimo wa Rothamsted ya Uingereza, miaka ya 90, na lengo la mwanzo lilikuwa funza wa mabua. Unapanda desmodiamu, mmea wa malisho unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi, na kuzunguka shamba unapanda nyasi za malisho, mabingobingo au brakiaria. Desmodiamu inamfukuza nondo wa funza, majani ya pembeni yanamvuta. Ila wakaona kwenye yale mashamba kiduha nacho kinapotea, na walipochunguza wakakuta mizizi ya desmodiamu inatoa vitu viwili, kimoja kinaamsha mbegu ya kiduha, kingine kinaizuia isishike mzizi wa muhindi. Juu yake inarutubisha udongo kwa naitrojeni na inafunika ardhi, na ni malisho mazuri ya ng'ombe wa maziwa na mbuzi. Na kwa vile ni ya kudumu, kazi hiyo inaendelea msimu hadi msimu bila kupanda upya.

Sasa mambo ya shambani ambayo vipeperushi vinapita juu juu. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo na bei yake sio ya mchezo, kilo moja inatosha ekari, changanya na mchanga mkavu ili isimwagike yote kwenye mita tano za kwanza. Chora mfereji kwa kijiti, usiende chini, sentimita moja au mbili tu, maana ikifukiwa kama hindi haitoki. Ikitoka inaota taratibu mno na inafanana na magugu, na hapo ndipo inapofia mikononi mwetu: vibarua wa palizi hawaijui, wanaikwatua yote kwa siku moja. Nimeshuhudia mara mbili, shamba zima. Siku ya palizi ya kwanza uwepo wewe mwenyewe, uwaonyeshe kila mmoja kwa kidole. Msimu wa kwanza usiahidi maajabu, kiduha bado kitatoka, ng'oeni. Kuanzia wa pili na wa tatu ndio tofauti inaonekana. Ikishatambaa unaweza kukata vipande vya shina ukapanda kwa jirani bila kununua mbegu, sisi ndivyo ilivyosambaa. Sehemu kavu zaidi chukueni ile ya majani ya kijani kibichi pamoja na brakiaria, inavumilia jua kuliko ile ya majani yenye kijivu. Na ongeeni na wenye mifugo mapema kabisa, maana wengi tunaachia ng'ombe kwenye mabua baada ya kuvuna na desmodiamu ni tamu, itaisha wiki moja.

Mkipangiwa Dodoma au Singida mtakutana na kile kifupi cha maua mekundu, kwenye mtama zaidi. Huko kuna mbegu za mtama zilizotolewa mwaka 2002, Hakika na Wahi, ambazo zinahimili kiduha. Ulizeni wauzaji kwa majina hayo.

Kuhusu kunde, sikilizeni vizuri. Kunde hazinyonywi na kiduha cha mahindi, kwahiyo wengi wanazishauri kama zao la kuvuruga, hata mimi nilishauri. Ila kunde zina mnyonyaji wao mwingine, alektra, ana maua ya njano na ukimchimba sehemu za chini zina rangi ya machungwa kabisa, huwezi kumkosea. Anashika karanga, njugu mawe na hata soya pia. Ukikuta maua ya njano kwenye kunde za mtu usimwambie aongeze kunde, mpeleke kwenye pamba na uangalie mizizi kila msimu kwa ile ndoo. Hii jamaa ya wanyonyaji ni kubwa, Wamisri wanateswa na ndugu yake mwingine kwenye yale maharage mapana wanayopikia ful, wao wanamwita haluki, hana ukijani hata kidogo, anaishi kwa kunyonya tu, na mbinu zao zinafanana na zetu: mbegu inayohimili, kung'oa mapema, kuchanganya mazao.

La mwisho ni mbegu za mahindi zilizopakwa dawa ya magugu ya imazapiri, Kenya ziliitwa Ua Kayongo. Dawa iko kwenye punje, inaua kiduha kikijaribu kushika mzizi ule mchanga, na muhindi wenyewe umezalishwa uivumilie. Zinafanya kazi. Lakini mkulima akishika hizo punje alafu kwa mikono ile ile akashika maharage ya kuchanganya, maharage hayataota, au yataota yakiwa mabovu, na atailaumu mbegu ya maharage. Maharage yapandwe kwanza, mahindi yafuate, na yasiwekwe shimo moja. Siku ya kupanda nendeni na ile ndoo tena, safari hii na sabuni, wanawe kabla hawajagusa kitu kingine chochote.