Kabla ya Kununua Tanga Jipya, Kagua Kamba

Msomaji mmoja wa Mafia kaniandikia juzi. Ngalawa yake haibishi, yaani haipandi dhidi ya upepo, keshaweka akiba ya tanga jipya, anauliza achukue kitambaa gani. Nikamjibu: usinunue. Hakufurahi, na najua wengi wenu hamtafurahi, maana sote tunataka chombo kikate maji kama vile vya mashindano ya sikukuu, na tanga jipya ndilo linaloonekana na watu.

Ngalawa yangu niliichukua Nungwi ikiwa kuukuu. Mtumbwi mzima, ndubi, vile vielea vya ubavuni, nzima, tanga lina viraka lakini lafaa. Tatizo lilikuwa henza, kamba ya kutwekea, yaani kupandishia, tanga: ilikuwa ya plastiki ya bluu, imepitishwa kwenye tundu la mlingoti bila kapi. Kutweka kulitaka watu wawili, na upepo ukishika kamba inavutika, foromali, ule mti unaobeba tanga, inashuka kidogo kidogo, tanga linalegea upande wa goshi. Tanga lililolegea mbele halibishi, hata likiwa limetoka kwa mshonaji leo asubuhi.

Nikaitoa kamba ile, nikaweka ya poliesta, ambayo hainyumbuki sana. Nailoni iacheni kwenye nanga. Huko kunyumbuka ni faida, wimbi likivuta. Kisha nikaweka makapi mawili. Kamba inafungwa juu ya mlingoti, inateremka kwenye kapi la foromali, inarudi juu kwenye kapi la pili, ndipo inakuja mkononi. Uzito unapungua karibu nusu. Gharama yake ni kamba ndefu: mara tatu ya mlingoti, na ziada ya kufungia.

Pwani nilichekwa. Mtu mzima mmoja, ambaye mimi namwita mjomba, alisema mbele ya vijana, "Huyu anaunda meli?" Neno hilo bado ninalo. Kusi ilipochanganya, mjomba alikuwa anavutana na henza yake na watoto wake wawili, na mwanangu wa darasa la sita katweka peke yake. Sikusema kitu. Nilitamani sana kusema.

Haya, fundo la henza kwenye foromali. Hili mafundi hawakwambii, kila mmoja ana lake. Usukani ukiwa mzito na omo, mbele ya chombo, linakimbilia upepo kila ukilegeza mkono, tanga limekaa nyuma mno: sogeza fundo nyuma kidogo, sehemu kubwa ya foromali ipite mbele ya mlingoti. Omo likikimbia upepo, fanya kinyume. Shubiri moja inatosha kuhisi tofauti. Ukipata mahali pazuri, tia alama ya rangi, maana kesho utasahau.

Penye msuguano vika kamba kipande cha mpira wa maji. Ncha unguza kwa moto, kisha zungushia uzi na ushone. Basi, hayo hayana hadithi.

Sasa demani, kamba ya kushikia pembe ya nyuma ya tanga. Ndugu zangu, demani haifungwi fundo! Zungusha kwenye kigingi, ncha ibaki mkononi, upepo ukipiga ghafla uachie. Naona vijana wanafunga kabisa ili wapate mkono wa kushika simu, wapige picha. Ngalawa ina ndubi, wanasema, haipinduki. Ndubi ya upande wa chini ikizama na tanga bado limejaa, mrengu, mti unaoshika ndubi, unavunjika, na hapo picha utaipiga na nani? Na henza vilevile: kapi likiwa jembamba kuliko kamba, tanga halishuki lenyewe. Kamba lazima ikimbie. Mimi nikitazama chombo cha mtu siulizi kinakwenda kasi gani, nauliza tanga linatua kwa muda gani.

Lijaribu ufukweni, chombo kikiwa kimekaa mchangani na upepo mwepesi. Tweka, achia, tazama. Likikwama nusu ya njia, shusha mlingoti upanue kapi, au nunua kamba nyembamba zaidi, na pesa ya tanga iendelee kukaa kwenye kibubu.