Muulize Kinyozi: Mwezi wa tano wa kufuga, kichwa kimekuwa uyoga

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Msamvu, Morogoro, nina miaka 26. Tangu Machi nimeacha kunyoa, nataka nifuge nisuke. Mwanzoni zilipendeza. Sasa ni mwezi wa tano tangu nianze kufuga na sijielewi: juu zimelala kwa sababu ya helmeti, pembeni zimetuna juu ya masikio, nyuma zimejifunga vifundo vifundo hadi kisogo kinawasha. Juzi abiria mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza kama nimefiwa. Mjomba naye kasema barua ya posa haiendi popote mwezi ujao kama sijanyoa. Kwa msusi naambiwa bado fupi, hazishiki. Saluni wananiambia, "Kaa tuzitoe zote, uanze upya." Nivumilie au ninyoe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinyoe. Lakini pia usiziache kama zilivyo, maana yule mama hakukutukana, alisema alichokiona.

Kosa lako ni lile lile la vijana wengi wanaokaa kwenye kiti changu hapa Magomeni: umeziachia zote siku moja, kama mtu aliyefungulia mbuzi. Nywele za kichwa kizima hukua karibu sawa, kama sentimita 1 kwa mwezi, ila haziendi upande mmoja. Za juu kwako zinalazwa na helmeti. Za pembeni hazina wa kuzizuia, zinakwenda nje. Ndiyo maana ukijitazama kwenye saidi mira ya pikipiki unaona masikio yamevaa makoti.

Wiki hii tafuta kinyozi anayesikiliza. Mwambie apite pembeni na kisogoni kwa mashine yenye kichana namba 2, kile kinachobakiza milimita 6, apande mpaka vidole viwili juu ya sikio, halafu azime mashine. Neno ni hilo, azime. Za juu asiguse hata moja. Rudia kila wiki tatu mpaka za juu zisukike, ndipo uziachie za pembeni zifuate. Na kama huko kisogoni kuna vipele, wembe usipite kabisa, wala mashine tupu isiyo na kichana. Nywele zetu zikikatwa karibu mno na ngozi hujikunja zikaingia ndani, na vipele vya kisogo vikishakomaa ni kazi ya daktari wa ngozi, si yangu.

Kitu usichotakiwa kukisema kamwe ukiwa kwenye kiti ni "sawazisha kidogo". Mimi ni kinyozi na maneno hayo yameniponza. Mwaka 2006, ule wa mgao wa umeme, nilikuwa nimefuga miezi sita. Kuamkia Idi nikamwambia mwenzangu wa kiti cha pili anisawazishie. Nimeinama nasoma gazeti, nikaona fungu la nywele limeangukia ukurasa wa michezo, kubwa kama yai la kuku wa kienyeji. Kabla sijafungua mdomo, umeme ukakatika. Jenereta hatukuwa nayo. Nilikaa tangu saa tisa alasiri mpaka saa mbili usiku, nusu kichwa nimefuga, nusu nimenyoa, nimevaa kofia ya kuazima kwa muuza duka, na watu wa mtaani wanakuja mmoja mmoja kuchungulia. Umeme uliporudi hakukuwa na cha kuokoa. Idi nilisali na kipara.

Sasa kuhusu urefu. Huyo msusi aliyekwambia fupi, alizivuta? Kipilipili hudanganya macho. Unywele unaoonekana una pingili moja ya kidole, ukiunyoosha unafika mbili. Ukitoka kuoga, shika unywele mmoja wa utosini, uvute taratibu juu ya kidole cha shahada. Ukifika pingili mbili, twisti fupi zinashika. Mistari ya kichwa kizima subiri nywele zikaribie ncha ya kidole. Kwa miezi mitano ya kufuga wewe ulitakiwa uwe kwenye pingili mbili, kama hazikatiki.

Na hapo kwenye kukatika ndipo kazi yako inapokula. Helmeti siwezi kukuambia uivue. Ila ile sponji ya ndani inakunywa jasho na mafuta, halafu inasugua utosi kutwa nzima. Nunua nusu mita ya satini, kitambaa kile cha kuteleza wanachotia bitana, fundi cherehani akushonee kofia nyembamba ya kuvaa ndani ya helmeti. Shona mbili, moja ikiwa imefuliwa nyingine iko kichwani. Iwe nyembamba kweli, helmeti isichezecheze.

Kuchana ndiko ninakoona watu wanajiua wenyewe. Kijana anaamka, nywele kavu kama brashi ya kudekia, anashika chanuo, anaanzia kwenye ngozi na kushuka kwa nguvu. Sikiliza ule mlio, krrr, krrr. Hizo ni nywele zinakatika, na anayelalamika kwamba hazikui ndiye huyo huyo. Hizi zetu huchanwa zikiwa na maji. Siku moja kwa wiki, osha kwa shampuu (sabuni ya kipande iache kwenye beseni la nguo), paka kondishena, gawa kichwa mafungu manne, bana matatu, ushughulike na moja. Tumia vidole kwanza ukifungua vile vifundo, kisha chanuo la meno mapana, uanze nchani ukipanda kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi. Malizia na mafuta kidogo ya nazi au ya nyonyo wakati bado zina unyevu. Mafuta hayakuzi nywele, hata anayeuza aape. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke.

Zikishafika, kwa twisti nakushauri umtafute msusi Mmasai, na Morogoro hukosi. Mimi nina miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi hii na bado nikipita nawasimamia kuwatazama: kidole gumba na cha shahada, hakuna chanuo, hakuna jeli ya maana, na kila twisti inatoka nyembamba kama uzi wa kiatu. Hawakujifunzia chuoni. Morani hufuga nywele zao na kusukana wenyewe kwa wenyewe, wakazipaka mafuta na udongo mwekundu, mpaka ifike sherehe ya Eunoto, ile ya morani kupanda daraja, ambapo mama humnyoa mwanawe. Mkono umezoea tangu kijijini.

Mwambie asikaze. Ukitoka pale nyusi zimepanda kama umeshtuka, au kesho yake ukaona vipele vidogo pembezoni mwa paji, fumua siku hiyo hiyo hata kama umeshalipa. Nywele za pembezoni zikivutwa miezi na miezi shina hufa, na shina likifa halioti tena.

Mjomba je? Mwanangu, barua inapelekwa na mshenga na wazee. Wewe siku hiyo uko kijiweni unaangalia simu. Nywele zako haziingii kwenye ile bahasha. Lakini usibishane naye. Mwendee ukiwa umeshachongwa pembeni, umevaa shati la mikono mirefu, mpe shikamoo yake, halafu umuulize mchango wake kwenye mahari umefikia wapi. Uone kama atakumbuka nywele.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mume wangu ana miaka 44, anafuga mwezi wa saba huu, anataka dredi alizozitamani tangu chuo. Tatizo mbele zinarudi nyuma na utosini naiona ngozi. Yeye haioni. Nimwambie au ninyamaze? Mke, Tanga.

JIBU: Njema, dada yangu. Mwambie, ila si mbele ya watoto. Mkalishe karibu na dirisha mchana, piga picha ya utosi kwa simu, mpe simu, unyamaze. Picha itasema yote.

Nywele zinazopungua kwa kurithi hazitaki uzito. Dredi hunenepa, zikilowa huwa nzito zaidi, na zote zinaning'inia kwenye vishina vilivyochoka. Mwaka jana mteja wangu wa rika hilo alikuja na dredi moja mfukoni mwa shati. Iling'oka akiwa amelala. Aliniuliza kama naweza kuirudisha.

Tofautisha lakini: kama ni mabaka ya mviringo yenye magamba na muwasho, hayo huenda ni mapunye, aende hospitali kabla ya kunyoa popote, na taulo na kitana msichangie. Kama ni utosi na paji tu, ngozi laini, basi mara nyingi ni ukoo. Ndevu zinaota? Kama zinaota afuge hizo, na kichwani apite na namba 1.