Mpira wa kuvutia mafuta ya kula una kemikali?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nakaanga mihogo na samaki hapa Tanga, mafuta nanunua ya kupima, muuzaji anayavuta kwenye dumu kwa ule mpira laini unaoonyesha ndani. Mwanangu yupo chuo, kaniambia mpira ule unaacha kemikali kwenye mafuta, na siku hizi kuna kipimo kinawaka mwanga kuionyesha. Ni kweli? Naweza kukipata?
Mama Lishe, Tanga

JIBU: Njema mama, na shukuru kuwa na mtoto wa hivyo. Mipira ile mingi ni PVC, plastiki ambayo kwa asili ni ngumu, ndo hiyo ya mabomba ya maji, sasa ili ilainike kiwandani wanaichanganya na vilainishi, vingi vya jamii ya fthaleti, na hivi havijafungwa na plastiki kikemia, vimekaa tu humo ndani na vinapenda sana mafuta, kwahiyo mafuta yakipita vinahama navyo. Yakiwa ya moto ndo zaidi. Dumu lenyewe lisikutishe, plastiki yake kwa kawaida haihitaji kilainishi.

Kipimo kipo kweli, ila vingi havifanyi kazi kwa kuwaka, vinafifia. Wataalamu wanachukua chembe ndogo mno zinazong'aa zikimulikwa na taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti, wanazivika utando uliotengenezwa fthaleti ikiwa ndani yake halafu wanaiosha itoke, yanabaki matundu ya umbo lake kama alama ya mguu kwenye saruji mbichi. Fthaleti ya kwenye chakula ikiingia humo mwanga unapungua, na ulivyopungua ndo kiasi kilichomo.

Shida mafuta ya kula nayo yana vitu vyake vinavyong'aa, lazima uyasafishe kwanza, ndo maana vipimo hivi bado ni vya maabara zaidi.

Na hili si jambo dogo jamani. Taiwan mwaka 2011 walikuta DEHP, fthaleti mojawapo, imetiwa makusudi kwenye kiungo cha vinywaji badala ya mafuta ya mawese, watoto wanakunywa! Hiyo inavuruga homoni na uzazi, Ulaya kikomo chake ni miligramu 0.6 tu kwa kilo ya chakula.

Wewe usisubiri kipimo mama. Mwambie muuzaji aache mpira, amimine kwa faneli na kopo la chuma, na wewe nenda na chupa yako ya glasi.