Kisu cha mkono wa pili: maswali yenu

Tangu niseme naeza saidia watu wa mazoezi ya upanga wa kale kutengeneza kisu cha kukinga, maswali yamekuja mengi, wacha nijibu haya kwanza.

Niko Kondele, ndio naanza. Hicho kisu ni cha kazi gani, na urefu?

Karibu sana ndugu. Italia na Uhispania, karne ya 16 na 17, mtu alishika upanga mrefu mwembamba kwa mkono wa kulia, wa kushoto akashika hiki, na kazi yake kubwa ni kupokea upanga wa mwenzako na kuusukuma kando ndio wako upate njia. Bapa la sentimita 30 hadi 35 linatosha, ukiongeza mpini unafika kama 45. Usihangaike na urembo wa bapa, angalia gadi: mikono miwili ya chuma inayozuia upanga usiteleze, na pete upande wa nje wa ngumi. Changu cha kwanza hakikuwa na pete, nilidhani ni mapambo tu, upanga ukateleza ukanipata kifundo cha kidole cha kati, wiki tatu nikawa siwezi kufunga vifungo vya shati. Weka pete.

Naeza tumia mti? Niko Kakamega, chuma ni bei.

Ndio dada, na kwa kuanza mimi napenda mti. Tafuta mpera uliokauka vizuri, ule ule watoto hukatia feya (manati), ni mgumu na haupasuki ovyo. Lakini mti upigane na mti. Ukigongana na chuma unatoa vibanzi, na kibanzi kinapita kwa tundu za maski ya wavu ya kukinga uso.

Fundi wa Kibuye amenipatia kipande cha springi ya matatu, anataka kuweldi gadi moja kwa moja. Sawa?

Hapana, mwambie angoje! Hapa ndio wengi wanaharibu kazi. Springi ina kaboni nyingi kuliko chuma ya kawaida, ukiiweldi halafu ipoe haraka, pale kando ya weldi panakuwa kama glasi, haionekani kwa macho, inangoja tu siku utakinga pigo zito ndio bapa liruke. Afanye hivi: achonge mkia mwembamba nyuma ya bapa na aache mabega mawili, kona za mabega aziviringishe na tupa ya duara maana kona kali ndio huanza ufa, kisha gadi itobolewe tundu, iingie kwa mkia mpaka ikae kwa mabega, mpini wa mti ufuate, mwisho washa nzito (kile kipete bapa cha chuma cha kuweka chini ya nati), halafu ncha ya mkia ipashwe moto na igongwe na nyundo kama ribiti. Pete ya pembeni iweldiwe kwa gadi kabla gadi haijavishwa, gadi ni chuma ya kawaida haina shida. Na akitumia grinda achovye bapa kwa maji kila mara, likigeuka rangi ya bluu ni dalili limepata moto mwingi, na likizidi hapo ule ugumu unaweza kutoka.

Ncha na makali nifanye aje? (Nakuru)

Makali hakuna kabisa. Pembeni acha unene wa milimita 2 au zaidi, viringisha na tupa, maliza na msasa, pitisha kiganja polepole, ukihisi mahali panakwaruza rudia. Ncha iwe ya duara, pana kama kidole chako kidogo, halafu ivishe raba nene na ufunge na tepu ya rangi ya kung'aa ndio ikipasuka uone mapema. Hata hivyo usimdunge mtu asiye na maski ya fensingi (mchezo wa upanga), kinga ya koo na jaketi nzito. Miwani ya kuweldi si maski.

Mimi ni wa kushoto, nibadilishe pete?

Hapana, zungusha tu mpini mkononi nusu duara, ncha ibaki mbele, pete itarudi nje.

Nakibeba aje kwa matatu kutoka Bungoma?

Ndani ya begi iliyofungwa, kimekunjwa kwa kitambaa, pamoja na maski yako, usikichomoe stejini hata rafiki akiomba kukiona. Sheria ya Kenya haitaki silaha mbele ya watu bila sababu halali, na polisi wa barabarani hana njia ya kujua kwamba hakina makali mpaka akishike.