Safari ya raha na Sala ya kupunguza

SWALI: Assalaam alaykum. Husafiri mara kwa mara kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, katika kiti kizuri na kiyoyozi. Tumefundishwa kuwa Sala za rakaa nne hupunguzwa kuwa mbili safarini ili kuondoa mashaka. Mimi sina mashaka. Je, ruhusa hiyo ni yangu? Na mbona hamali wa bandarini, anayebeba magunia kutwa juani, hana ruhusa hiyo?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Ruhusa ni yako. Aya ya 101 ya Suratun-Nisaa inataja kupunguza Sala pamoja na hofu ya adui, na amani ilipopatikana sahaba Ya'la bin Umayya alimuuliza Sayyidna Umar mbona watu bado wanapunguza. Umar alimjibu kuwa naye alilistaajabia jambo hilo hata akamuuliza Mtume (s.a.w.), akaambiwa kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwenu, basi ipokeeni. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim.

Wanazuoni wa usuli, yaani elimu ya misingi ya Sharia, hutenganisha hekima ya hukumu na illa yake, yaani alama ya wazi ambayo hukumu imefungamanishwa nayo. Hapa hekima ni kuondoa mashaka, na illa ni safari. Mashaka hayana kipimo, kwani yanayomlemea mzee huenda kijana asiyahisi, ilhali safari hupimika: kwa madhehebu ya Shafi ni marhala mbili, kilomita 80 na ushei, na Dodoma iko mbali zaidi ya hapo. Lau kila mtu angejipimia mashaka yake, mvivu angepunguza Sala nyumbani kwake, na mwenye wasiwasi asingethubutu kupunguza hata jangwani.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyataja makusudio makuu ya Sharia kuwa ni kuhifadhi dini, nafsi, akili, kizazi na mali, lakini kuijua hekima hakumpi mtu idhini ya kuifuta hukumu. Asemaye kuwa funda moja la mvinyo halimlevyi, basi ni halali kwake, anapita njia hiyo hiyo.

Ama hamali, yeye hayumo safarini, na kinachomchosha ni magunia (na ujira mdogo, ambao ni suala la mwajiri wake), wala si rakaa mbili za ziada. Mzigo wake halisi huja Ramadhani, na hapo Sharia imemfikiria: atanuia saumu usiku, na mchana akihofia madhara makubwa atafungua, kisha atalipa.

Nawe anza kupunguza ukishatoka mjini, katika Adhuhuri, Alasiri na Isha tu. Na ukinuia kukaa Dodoma siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, utasali kamili tangu ufikapo.